Draya ya nguo inapiga kelele mpaka jirani analalamika, nataka kuifungua mwenyewe. Nianzie wapi?

#1 Mwana wa Rufiji
Wakuu salama? Niko Minnesota huku, draya yangu ya nguo imeanza kelele na jirani wa chini kashagonga mlango kulalamika. Ni ya umeme, ya kizamani kidogo, ile ambayo chujio la manyoya (yale mavumbi ya nyuzi yanayotoka kwenye nguo) unalichomoa juu ya kifuniko siyo mlangoni, nilinunua used kwa jamaa aliyekuwa anahama. Kelele zenyewe ziko hivi, ukiwasha tu inaanza kwi kwi kwi kama baiskeli ya wauza mkaa, ikishapata moto kwi kwi inapungua halafu inakuja du-du-du-du nzito mpaka sakafu inatetemeka. Joto lipo, nguo zinakauka vizuri tu. Fundi niliyempigia anataka dola 120 za kuja kuangalia, hapo hajagusa kitu na spea ni juu yangu. Kwa hela hiyo bora nifungue mwenyewe, spana ninazo na umeme wa nyumbani naujua kiasi. Aliyewahi kufungua hii kitu anipe mwongozo, inaweza kuwa nini?

#2 Mpenda Habari
Nimekaa pale nasubiri wajuzi, ya kwangu ina dalili hizo hizo.

#3 Mama Shufaa
Pole kaka. Yangu hapa Tabata ilikuwa inafanya hivyo hivyo upande wa kukaushia, inaruka mpaka inahama ilipowekwa. Kwanza nguo zipange zienee pipa zima usitupie jinsi upande mmoja, halafu kile kisahani cha plastiki cha kukandamizia nguo juu usiache kukiweka, watu wengi wanakitupa. Kama bado inapiga kelele fungua bati la nyuma, chini ya pipa mota imekalia springi tatu zenye mipira, mmoja ukichoka pipa linalala upande na linagonga. Angalia na breki, kuna waya unaovuta breki iachie ukifunga mfuniko, waya ukilegea breki haiachii vizuri, inasugua na unasikia harufu ya kuungua.

#4 Fundi wa Gerezani
Dada umeeleza vizuri sana ila hiyo ni mashine ya mapipa mawili, ile inakamua kwa kuzungusha kasi. Ya mleta uzi ni nyingine kabisa, ni pipa kubwa limelala, linazunguka taratibu huku feni inavuta hewa ya moto na kuitolea nje kwa bomba. Haikamui, inakausha kweli kweli, ukitoa nguo unavaa.
Mkuu wa Minnesota, mimi nasema mota. Beringi za mota zikikauka zinaanza kulia zikiwa za baridi, zikipata moto sauti inabadilika. Nimefungua mota nyingi za mashine za kufulia hapa na dalili ni hiyo hiyo.

#5 Shemeji wa Toronto
Fundi wa Gerezani nakuheshimu ila mota hapo ni mtuhumiwa wa mwisho. Nimefungua za aina hiyo za ndugu na majirani huku, karibu kila mara ni rola au puli.
Nieleze kwa wasiozijua. Pipa halina ekseli katikati kwenye nyingi za hizi, nyuma limekalia rola mbili za mpira na mbele linateleza kwenye ukanda wa felti, yaani kitambaa kinene kilichoshindiliwa. Mkanda mwembamba unazunguka pipa lote unashuka chini kwenye mota, na pale chini kuna puli ndogo yenye springi inayoukaza. Kwa hiyo vinavyoweza kulia ni rola, puli, felti, mkanda wenyewe, feni na mota. Kwi kwi ya mwanzo ni puli au ekseli ya rola imekauka. Du-du-du ni rola imelika upande, imekuwa na bapa.

#6 Jua Kali Original
Buda, kabla ufungue kitu yoyote chomoa stima kwa ukuta kwanza. Hiyo si socket ya chaji ya simu, hiyo ni volti 240 na fyuzi ya ampia 30, ikikushika hakuna mtu atasoma uzi wako tena.
Ya pili, angalia sarafu. Binamu yangu ako Dallas alikuwa anasikia kelele ikawa ni robo dola na pini ya nywele zimeingia ndani ya zile mbavu za plastiki zinazogeuza nguo. Zungusha pipa kwa mkono pole pole, sikiliza kama kuna kitu inaanguka tik, tik.

#7 Mwana wa Rufiji
Asanteni. Nimechomoa umeme nikazungusha pipa kwa mkono. Sarafu hakuna, hakuna kinachoanguka. Ila kwi kwi naisikia kwa mbali, inatokea chini kulia. Du-du-du sijaisikia. Kwa hiyo mota inaondoka kwenye orodha si ndiyo? Maana haina umeme.

#8 Mpenda Habari
Hapo mota iko salama.

#9 Fundi wa Gerezani
Hapana jamani. Umezungusha pipa mkanda ukiwa bado umefungwa? Basi ulipozungusha pipa ulizungusha na mota pamoja, tena mota ilizunguka mara nyingi kwa kila mzunguko mmoja wa pipa. Mota haihitaji umeme ili beringi ilie, inahitaji kuzunguka tu. Mpaka utoe mkanda ndipo utajua, pipa peke yake, puli peke yake, mota peke yake.

#10 Shemeji wa Toronto
Hapo yuko sahihi, toa mkanda kwanza.
Ila kuna kipimo kingine hakihitaji hata bisibisi. Sikiliza mapigo. Mota huku inazunguka kama mara 1,725 kwa dakika, pipa linazunguka karibu mara 50, na rola kwa kuwa ni ndogo inazunguka kama mara tisa kila pipa likimaliza mzunguko mmoja. Kwa hiyo kama du inakuja mara moja kwa sekunde hivi, hiyo ni kitu kwenye pipa lenyewe, labda mshono wa bati au mkanda umechanika sehemu moja. Kama ni du-du-du-du ya haraka lakini unaweza kujaribu kuihesabu, hiyo ni rola. Kama ni mlio mmoja uliounganika wiiiiii usiohesabika, hapo ndiyo tuongee mota au feni. Weka alama ya chaki ndani ya pipa, fungua mlango kidogo ushikilie kile kiswichi cha mlango uione inavyozunguka.

#11 Jua Kali Original
Kushikilia switch ya mlango mashine ikizunguka, mkono karibu na pipa? Zii. Rekodi na simu, sikiliza baadaye, utahesabu vizuri hata zaidi.

#12 Shemeji wa Toronto
Simu ni sawa. Na kweli mikono ikae mbali.

#13 Binti Wete
Assalaam alaykum. Mie niko Muscat, nauliza kwa nia njema, kwani lazima mashine? Huku ukianika darini mwezi wa sita hujamaliza kuanika ya mwisho ya mwanzo ishakauka. Shida yetu vumbi tu.

#14 Mwana wa Rufiji
Waalaykum salaam dada. Huku mwezi wa kwanza inafika nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, ukianika nje shati linasimama lenyewe. Na mkataba wa apatimenti unakataza kamba kwenye varanda.

#15 Mama Shufaa
Na huku kuanika nje kuna yale mainzi yanayotaga kwenye nguo mbichi, usipopiga pasi mpaka kwenye pindo mtoto anatoka majipu yenye funza. Shangazi yangu Muheza hapigi pasi juu juu, anageuza nguo ndani nje, anapitisha na kwenye mpira wa chupi. Hiyo mashine ya moto ningeipata ningeshukuru kwa nguo za watoto.

#16 Binti Wete
Kweli kabisa, hata Pemba bibi alikuwa hatuachii kuvaa nguo ya kambani bila pasi.

#17 Ndugu wa Des Moines
Jambo wandugu. Mimi ni mtu wa Bukavu, sasa niko Iowa. Yangu ilikuwa na ile kelele ya du-du-du, nikabadilisha rola zote mbili, kelele ikabaki. Nikabadilisha mkanda, ikabaki. Mwisho ilikuwa ni feni. Ile feni ya plastiki ya kuvuta hewa iko imefungwa kwa shafti ya mota, kitundu chake cha katikati kililika, ikawa inacheza na kugonga nyumba yake. Kwa macho ilionekana nzuri kabisa. Ushike kwa mkono uitikise, kama inacheza na shafti haichezi, ndiyo hiyo. Na ilikuwa imejaa manyoya upande mmoja, hiyo tu inatosha kuitetemesha.

#18 Fundi wa Gerezani
Hiyo hoja nzito. Feni iliyojaa uchafu upande mmoja inakosa mizani, na inazunguka kasi ile ile ya mota. Halafu mtikisiko huo ndio unaoua beringi za mota baadaye. Kwa hiyo mnaweza kukuta wote mna haki.

#19 Mtu wa Croydon
Samahani nitoke kidogo kwenye mada ila ni muhimu. Watu wanaongelea kelele, mimi naongelea moto. Mkifungua hizi mashine safisheni manyoya yote. Hapa Uingereza lile jengo la Grenfell liliungua kwa sababu ya draya, watu 72 walikufa.

#20 Kalamu ya Risasi
Mkuu wa Croydon weka sawa hapo. Grenfell, Juni 2017, moto ulianzia kwenye friji yenye friza, siyo draya. Unayoichanganya ni ile ya Shepherd's Bush, Agosti 2016, jengo la Shepherd's Court, hapo zimamoto ya London ilisema chanzo ni draya. Huko hakufa mtu. Ndiyo kipindi kile kampuni ya Whirlpool walikuwa wametoa tahadhari kwa draya zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015, manyoya yanaweza kugusa hita, na mwaka 2019 zikaanza kurudishwa rasmi.

#21 Mtu wa Croydon
Asante kwa kuweka sawa. Hoja ya manyoya inabaki.

#22 Shemeji wa Toronto
Inabaki sana. Idara ya zimamoto ya Marekani ilipochunguza miaka ya 2008 mpaka 2010 ilipata moto wa draya majumbani kama 2,900 kwa mwaka, na sababu iliyoongoza ilikuwa kutosafisha. Mwana wa Rufiji, ukishaivuta kutoka ukutani angalia na bomba la nyuma. Kama ni lile jeupe la plastiki la kukunjakunja litoe, weka la bati gumu, fupi, lisilo na kona nyingi. Bomba likiziba mashine inachukua muda mrefu kukausha, na kila saa ya ziada ni rola inazunguka na mota inazunguka, kelele zinakuja mapema.

#23 Kijana wa Kawe
Jamani swali la pembeni. Kaka yangu anarudi kutoka Houston mwaka huu, kwenye kontena kaweka na draya hizo. Huku tuna 230, na yenyewe imeandikwa 240. Inachomekwa moja kwa moja eeh?

#24 Mzee wa Spana
Moja kwa moja tu, 240 ni 240. Badilisha plagi basi.

#25 Fundi wa Gerezani
USIFANYE HIVYO. Mzee wa Spana hapo utamchomea mtu mota. 240 ya Marekani inakuja kwa nyaya mbili za moto, kila moja ni 120 kwa nyutro. Hita inachukua zote mbili ndiyo 240, lakini mota, taimu na taa ya ndani vinachukua moto mmoja na nyutro, yaani 120. Huku kwetu tuna waya mmoja wa moto na ni 230 kwa nyutro. Ukibadilisha plagi tu ukachomeka, hita itafurahi na mota ya 120 itapata 230, dakika chache unasikia harufu. Lazima utenganishe, hita kwenye 230 na upande wa mota upite kwenye transfoma ya kushusha. Halafu kuna mzunguko wa umeme, kule hezi 60 huku 50, mota itazunguka taratibu karibu moja ya sita chini ya kawaida, feni inavuta hewa kidogo na joto linabaki ndani. Inawezekana lakini siyo kazi ya kubadilisha plagi.

#26 Kijana wa Kawe
Duh. Bora nilivyouliza. Namwambia aiuze huko huko.

#27 Mzee wa Spana
Mimi nimeona moja inafanya kazi Mbezi miaka.

#28 Fundi wa Gerezani
Hiyo labda ni ya gesi wameiwekea transfoma, ya gesi inatumia 120 peke yake kwa mota, ni rahisi. Au imetengenezwa kwa soko la huku. Kibati cha nyuma ya mlango kinasema, kisome kwanza.

#29 Mwana wa Rufiji
Turudi kwenye mada wakuu. Nimeifungua.
Nilichomoa umeme, nikatoa skrubu mbili kwenye mdomo wa chujio, nikapenyeza kisu kipana cha kupakia rangi chini ya kifuniko kwa mbele, kama inchi mbili kutoka kila kona kuna klipu, ukisukuma inaachia pa! na kifuniko kinanyanyuka kwa nyuma yake. Nikachomoa waya wa swichi ya mlango baada ya kuupiga picha, nikatoa bati la mbele. Vaeni glavu, kingo za bati zinakata.
Ndani, ee bwana. Manyoya yamejaa chini ya pipa mpaka huoni sakafu ya mashine, ya kijivu, yamekandamana unayavuta yanatoka shuka zima. Nikapitisha fagio la umeme. Mkanda nimeutoa kwa kusukuma puli, springi ikalegea.
Sasa majibu. Puli ukiizungusha kwa kidole inalia kwi, na kitundu chake cha katikati kimepanuka kimekuwa cha yai. Rola ya kushoto nzuri. Rola ya kulia mpira una mfereji na sehemu moja bapa, inasimama hapo hapo kila ukiiachia, na ekseli yake imechubuka ina michirizi mieusi. Mota kwa mkono inazunguka kimya. Feni haichezi, ilikuwa na manyoya kidogo nimetoa. Felti ya mbele imebaki nyembamba upande wa chini, bati karibu linaonekana.

#30 Shemeji wa Toronto
Nilisema.

#31 Ndugu wa Des Moines
Felti nyembamba ni shida pia. Pipa likishuka mbele, uzito wote unarudi kwa rola za nyuma vibaya.

#32 Jua Kali Original
Hii picha ya manyoya umeweka hapa inatosha kufanya mtu aende ku-check ya kwake leo. Naenda kwa dada yangu Syokimau, ako na moja.

#33 Mpenda Habari
Kwa nini usipake mafuta tu puli na rola kwanza? Mimi ningepuliza WD-40 nikafunga.

#34 Mzee wa Spana
Grisi ya gari. Haitoki.

#35 Shemeji wa Toronto
Grisi hapana kabisa. Ndani mle hewa imejaa vumbi la nguo, grisi inakamata manyoya yote yanapita, baada ya muda una tope kavu kwenye ekseli na kelele ni zile zile. WD-40 inakauka upesi, inasafisha vizuri ila hailainishi kwa muda mrefu kwenye joto lile. Kama unataka kulainisha, safisha ekseli kwa kitambaa, tone moja la mafuta mepesi, futa kinachozidi.

#36 Mama Shufaa
Mafuta ya cherehani?

#37 Shemeji wa Toronto
Ndiyo dada, aina hiyo hiyo, mepesi. Tone, siyo kumwaga. Na mbali na mkanda, mkanda ukigusa mafuta unateleza.

#38 Fundi wa Gerezani
Mimi sipingi mafuta lakini ekseli yenye michirizi mafuta hayairudishi. Kitundu kilichokuwa cha yai hakirudi mviringo. Badilisha rola zote mbili usibadilishe moja, badilisha na ekseli, puli na mkanda. Mkipiga hesabu kazi ni ya kufungua, spea ni ndogo.

#39 Mwana wa Rufiji
Seti nzima, rola, puli, mkanda, naiona dola 25 mpaka 30 mtandaoni. Felti inauzwa peke yake. Nimeagiza. Kwa sasa nimefuta ekseli, tone la mafuta, nimerudisha kila kitu ili nifue nguo za watoto za shule. Matokeo: du-du-du imepungua sana, kwi kwi ya kuwashia imekwisha. Ila ikishazunguka kama dakika 20 kuna mlio mpya mwembamba, wiiii, unakuja na kupotea. Huo haukuwepo.

#40 Fundi wa Gerezani
Wiiii ya baada ya dakika 20, usiohesabika, unaokuja mashine ikiwa ya moto. Shemeji ulitoa kipimo mwenyewe kwenye namba 10. Hiyo ni mota. Kwa mkono inazunguka kimya kwa sababu ni ya baridi.

#41 Shemeji wa Toronto
Siyo lazima. Alisafisha, akarudisha pipa, felti ni nyembamba. Bati likipata moto linapanuka, ukingo wa pipa unagusa bati la mbele, unatoa mlio mwembamba huo huo. Angalia mdomo wa pipa kwa mbele, ukiona mstari unaong'aa kama umepigwa msasa, ni felti. Tena angalia nguo nyeupe, zikitoka na vistari vyeusi au kahawia pembeni ndiyo zinabanwa pale.

#42 Ndugu wa Des Moines
Au mashine haikukaa sawa. Ulivyoirudisha ukutani uliweka pima maji? Miguu minne inazungushwa. Ikiinama mbele kidogo tu pipa linaenda mbele.

#43 Jua Kali Original
Ama umerudisha mkanda vibaya. Zile mbavu za mkanda zinaangalia pipa ama zinaangalia nje?

#44 Mwana wa Rufiji
Zinaangalia pipa, upande laini uko nje. Chini mkanda unapita chini ya puli ya kukaza halafu unazunguka puli ya mota, nilifuata picha niliyopiga.
Nguo nyeupe, nimeangalia sasa hivi, shati moja la shule lina kistari cha kahawia karibu na pindo. Lakini silijui kama ni la leo au la zamani.
Pima maji sijaweka.

#45 Shemeji wa Toronto
Kistari cha kahawia, felti hiyo.

#46 Fundi wa Gerezani
Kistari cha kahawia ni felti, mlio wa wiiii ni mota. Vinaweza kuwepo vyote viwili kwenye mashine moja. Kipimo rahisi, ukija kufunga spea mpya, kabla hujarudisha mkanda zungusha mota kwa mkono ukisikiliza na bisibisi ndefu, ncha kwenye mwili wa mota na mpini kwenye sikio. Umeme ukiwa umechomolewa. Krrr ya ndani utaisikia hata kama nje kimya. Huku ningekwambia toa beringi usome namba, kama ni 6203 unapata duka lolote la Kariakoo, tundu milimita 17, nje 40. Ila mota nyingi za draya za huko zina bushi, yaani kibomba ambacho shafti inazunguka ndani yake, siyo beringi, bushi ikiisha watu wanabadilisha mota nzima.

#47 Mzee wa Spana
Mota nzima bei gani huko?

#48 Mwana wa Rufiji
Naona dola 80 mpaka zaidi ya 150 kutegemea. Ikifika hapo nitafikiria.

#49 Mpenda Habari
Yangu nimeisikiliza kwa simu nilivyoelekezwa namba 11. Du moja kwa sekunde hivi, kila mzunguko. Kwa hiyo ni pipa au mkanda?

#50 Shemeji wa Toronto
Anza na mkanda, ndiyo rahisi. Mkanda uliokaa muda mrefu bila kutumika unakariri kona ya puli, ukianza kuzunguka ile kona inagonga kila inapopita. Ikiisha baada ya dakika kumi ni hilo, wala usifungue. Isipoisha, pitisha mkono kwenye mshono wa pipa.

#51 Mama Shufaa
Na mimi naomba kurudi nyuma kidogo, ya mapipa mawili. Springi nimeshabadilisha, breki nimekaza waya, sasa pipa la kukaushia linatoa maji chini na linalia likianza. Fundi wa mtaani anasema mota.

#52 Fundi wa Gerezani
Maji yakishuka chini ni ule mpira wa sili uliozunguka shafti chini ya pipa, umepasuka, maji yanaingia moja kwa moja kwenye beringi ya juu ya mota. Usikubali kununua mota kabla hujabadilisha mpira, hata ukiweka mota mpya bila mpira inakufa tena. Mpira ni hela ndogo. Mota ikaushe juani, izungushe kwa mkono, kama haina krrr bado ni nzima.

#53 Ndugu wa Des Moines
Mwana wa Rufiji, hiyo pima maji umeweka?

#54 Mwana wa Rufiji
Nimeweka app ya simu, mguu wa mbele kulia ulikuwa chini, nimeuinua. Wiiii bado ipo ila inachelewa, inakuja kwenye dakika 30 hivi. Felti nayo nimeagiza. Spea zikifika nitaweka vyote siku moja na nitasikiliza mota kwa bisibisi kabla ya mkanda, nitaleta sauti hapa.

#55 Fundi wa Gerezani
Leta sauti. Rekodi ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto, sehemu mbili tofauti.